Wanapumulia wapi?

Saa kumi na moja alfajiri ya tarehe 3 Julai nilifungua mlango wa banda langu la kuku nikiwa nimejifunga blanketi mabegani, na kilichonipokea hakikuwa baridi bali joto. Nje, nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu na zilivunjika chini ya kandambili zangu kama maganda ya karanga. Ndani kulikuwa na joto la kumfanya mtu avue sweta. Vyungu viwili vya mkaa vilikuwa bado vyekundu. Nikajipongeza.

Kisha nikamulika tochi chini.

Vifaranga 37 walikuwa wamelala juu ya maranda, wakavu, wametawanyika kuzunguka vile vyungu, mabawa yamelegea. Hapakuwa na aliyejeruhiwa wala aliyelowa. Wengine 63 walikuwa wamebanana kwenye kizingiti cha mlango, pale ambapo ubao wa chini una mwanya wa upana wa vidole viwili, na midomo yao ilielekea nje.

Kwa wiki nyingi zilizofuata, kila aliyenipa pole nilimjibu neno moja: baridi. Nilimwambia mwalimu mkuu, nilimwambia dereva aliyenisaidia kuwasafirisha, nilimwambia mama yangu kwa simu, naye kwa kuwa yuko Kyela, ambako watu hulala bila shuka, aliniamini hapohapo. Ukiwa Makete, huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mwezi wa saba neno hilo halina wa kulibishia. Lakini kila nilipolitamka niliwaona tena wale 37 walivyolala, na mlalo wao haukukubaliana nami.

## Mtoto wa Kyela

Nimekulia kando ya Ziwa Nyasa, ambako ufuko haufiki mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kwetu kuku hafugwi, kuku hukaa. Tetea huatamia, baada ya siku 21 hutoka na wanawe, na kazi ya binadamu ni kuwafungia jioni ili kicheche asiwapitie. Sikuwahi kumsikia mtu akitaja nyuzi joto za kifaranga. Nilipohamishiwa shule iliyo kwenye miteremko ya Kitulo, juu ya mita 2,000, nilikuja na masweta mawili na wazo la kufuga. Sababu za kufuga sizielezi. Kila mtumishi anayeishi kwa mshahara mmoja anazijua.

Nilichofanya tofauti na mama ni kwamba sikuanza na tetea. Nilianza na boksi: vifaranga chotara 100 wa siku moja, na wawili wa nyongeza, waliosafiri kutoka Iringa kwa basi hadi Njombe, na kutoka Njombe hadi huku kwa gari dogo nikiwa nimelipakata boksi mapajani. Wawili walifika wamekufa. Kifaranga aliyeanguliwa huwa bado amebakiza kiini cha yai tumboni, nacho humlisha kwa siku mbili hadi tatu, ndiyo maana anaweza kusafiri hivyo bila kula. Asichokuwa nacho ni uwezo wa kulitunza joto lake. Amevaa malaika tu, vile vinyoya laini vinavyopeperuka ukivipuliza, na havizuii kitu. Wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35 pale aliposimama, kisha hupunguziwa kama nyuzi 3 kila wiki hadi manyoya yakamilike, yaani karibu na wiki ya sita.

Sasa weka hesabu hiyo kwenye kipupwe cha Makete. Usiku wa sakitu joto la nje hushuka hadi sifuri. Kati ya sifuri na 32 kuna pengo, na lile banda nililijenga kwa kuliogopa pengo hilo.

## Nusu ya somo

Kabla ya kuagiza boksi nilitumia jioni kadhaa kusoma namna watu wa nchi za theluji wanavyofuga. Nilijiambia kwamba kama wao wanapata mayai theluji ikiwa imefika magotini, mimi mwenye sakitu inayoyeyuka saa tatu asubuhi nitashindwaje. Nilisoma habari za Chantecler, kuku aliyezalishwa na mtawa mmoja katika jimbo la Quebec, Kanada, mwanzoni mwa karne ya 20, makusudi kwa ajili ya majira ya baridi ya huko. Upanga wake kichwani ni mdogo kiasi cha kukaribia kutoonekana, kwa sababu upanga mrefu huganda kwa baridi na ncha zake hufa na kuwa nyeusi. Nilisoma kwamba wafugaji wa huko hupaka panga za majogoo mafuta ya mgando. Nilisoma kwamba kichanja cha kulalia hutengenezwa kwa ubao uliolazwa bapa na si kwa fito ya mviringo, ili kuku anapochuchumaa manyoya ya kifua yafunike vidole vyote vya miguu. Na nilisoma kuhusu kuta zao, za matabaka mawili, zenye vitu vya kuzuia joto katikati.

Zilizonivutia ni kuta.

Basi nikajenga. Huku kwetu mabanzi ya misindano hayana shida kupatikana, kwa kuwa msumeno unalia kila upande wa mlima. Ndani ya mabanzi nikapigilia magunia, juu ya magunia turubai, dirishani nailoni mbili, na ule mwanya kati ya ukuta na bati nikauziba kwa tope lililochanganywa na majani makavu. Nilipomaliza niliwasha mshumaa katikati ya banda nikautazama. Haukutikisika. Niliona fahari ambayo sasa naona aibu kuisimulia.

Nilichokipita harakaharaka katika kusoma kwangu ni kwamba yale mabanda ya nchi za theluji yana matundu juu, karibu na paa, yanayoachwa wazi majira yote ya baridi, usiku na mchana. Sisemi kwamba sikukisoma. Nilikisoma. Nilidhani ni anasa ya watu wenye kuta nzuri.

Siku ya pili baada ya vifaranga kufika, jirani yangu, bibi mwenye umri wa kuwa mama wa mama yangu, alikuja kuwaona. Aliinama mlangoni, akatazama kuta, akatazama juu penye tope, kisha akaniuliza:

"Mwalimu, hawa wanapumulia wapi?"

Nilicheka. Nikamwambia, "Bibi, huu ni ufugaji wa kisasa." Akasema, "Haya, mjukuu wangu," akaenda zake.

## Bati lililotoa jasho

Dalili zilikuwepo, tena nyingi, na hili ndilo linalonisumbua kuliko idadi ya waliokufa.

Asubuhi ya nne nilikuta matone yamejipanga chini ya bati, yakidondoka juu ya maranda. Nikapanda juu kutafuta tundu la msumari. Nilikagua bati zote, msumari kwa msumari, ilhali mvua ilikuwa haijanyesha wiki nzima. Sehemu kubwa ya maji anayokunywa kuku hutoka tena, kwa pumzi na kwa kinyesi, na yale matone yalikuwa pumzi na vinyesi vya vifaranga 100, vilivyopanda na joto, vikagusa bati la baridi, vikageuka maji, vikarudi kuwadondokea. Banda langu lilikuwa sufuria yenye kifuniko.

Asubuhi ya saba nikaanza kusikia harufu kali iliyochoma macho, ile amonia ya kinyesi kilicholowa. Nikaongeza maranda juu.

Na kulikuwa na kichwa changu. Kila usiku nilipokaa humo robo saa kuongeza mkaa na kubadilisha maji, nilihisi uzito kwenye paji la uso, kama mtu ameniwekea tofali. Nikitoka nje unaisha. Nilimeza vidonge vya maumivu nikasingizia daftari za wanafunzi ninazosahihisha kwa mwanga hafifu. Usiku wa tarehe 2, nilipoona anga limetakata bila wingu na nyota zimekaribia, nikajua sakitu itashuka. Nikaongeza chungu cha pili cha mkaa, nikatundika gunia juu ya ile nailoni ya dirisha.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alisimama mzee mmoja wa kanisa kutoa tahadhari ambayo hutolewa kila kipupwe huku nyanda za juu: msilale na jiko la mkaa ndani. Akataja dalili moja baada ya nyingine. Kichwa kizito. Kizunguzungu. Usingizi usioamshika. Ukitoka nje unapata nafuu. Nilikuwa nimekaa benchi la tatu kutoka nyuma, na nilihisi kama ananisoma mimi.

Ile hewa, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, nayo hushikana na damu mahali ambapo oksijeni ilipaswa kukaa. Huku wengi wetu tunaamini kwamba mkaa ukishawaka nje mpaka ukawa mwekundu wote, basi umekwisha sumu na unaweza kuingizwa ndani. Si kweli. Mkaa mwekundu bado unaitoa, na kwa kuwa hautoi moshi hakuna kinachokuonya. Ndege huathirika upesi kuliko sisi. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walishuka na ndege wadogo chini ya ardhi hadi miaka ya 1980, kwa sababu ndege akianguka mtu bado ana muda wa kukimbia.

Nilikaa pale nikipanga upya yale niliyoyaona. Vifaranga wanaouawa na baridi hurundikana kwenye kona moja, na wa chini hukutwa wamebanwa, wamebapa. Wangu hawakurundikana. Wanaouawa na joto huukimbia moto, huachama midomo na kushusha mabawa, na huenda kufia mbali nao. Wangu walilala palepale penye vyungu, kama waliosinzia. Waliopona ndio waliokuwa na midomo kwenye mwanya wa mlango. Daktari wa mifugo hakuwaona, kwa kuwa nilikwisha kuwafukia kabla ya kengele ya shule, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini tangu Jumapili ile sijapata maelezo mengine yanayokubaliana na ule mlalo.

Nilipotoka kanisani mama mmoja wa kwaya alinishika mkono akaniambia, "Pole na vifaranga, mwalimu."

"Ahsante mama," nikasema. "Baridi ya huku."

## Jikoni kwa bibi

Asubuhi ile ya tarehe 3 bibi alikuwa amekuja kunipa pole kabla jua halijapanda. Hakusema lolote juu ya kuta. Alishika ncha ya turubai, akaikunja, akaifunga kwa kamba ya mgomba, kisha akachukua kijiti akabomoa lile tope la juu, kipande kwa kipande, kwa urefu wa mkono wake. Sikumzuia. Nadhani sikuwa na nguvu ya kumzuia.

Jioni ya Jumapili nilikwenda kwake, safari hii mimi nikiwa mwanafunzi. Kuku wake hulala jikoni, nyumba ndogo ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi, na katikati kuna mafiga yenye kuni zinazofuka. Nikamwambia mwenyewe kwamba naye ana moto ndani. Akanielekeza juu kwa kidole. Kwenye kilele cha paa nyasi zimeachana kidogo, na masizi yamechora njia nyeusi kutoka mafigani mpaka pale. Moshi ulikuwa ukipanda kwa njia hiyohiyo, bila haraka. Kuku wakubwa walikuwa kwenye kichanja upande wa pili wa moto, wamejitunisha hadi kuonekana mara mbili ya ukubwa wao.

Kwenye kona, chini ya tenga la mianzi lililoinamishwa, kulikuwa na tetea na vifaranga tisa wa umri sawa na wangu.

Nilichuchumaa nikamtazama yule tetea kwa muda mrefu. Kona ile ilikuwa ya baridi. Niliona pumzi yangu ikitoka. Kifaranga mmoja akachomoza chini ya bawa, akakimbia hadi kwenye chenga za mahindi, akadonoa mara nne, tano, akatetemeka, akarudi mbio na kuzama tena kwenye manyoya. Kisha mwingine. Mwili wa kuku una joto la nyuzi 41 hivi. Tetea yule hakuwa akilipasha joto jiko la bibi hata kidogo. Alikuwa na mahali pamoja penye joto, padogo, na nje yake wanawe walivuta hewa ya Makete kama ilivyo.

Mimi nilikuwa nimekipasha joto chumba.

## Madumu

Wiki ile niliondoa mkaa. Nilibomoa tope lote la juu, pande zote mbili, nikaweka wavu ili kicheche asipite. Turubai nikaliacha likizunguka sehemu ya chini tu, hadi usawa wa kiuno, ili upepo usiwapige miguuni. Katikati nikatengeneza kitu kama meza fupi, ubao juu na vipande vya blanketi kuukuu vikining'inia pembeni kama pazia, na chini yake nikaweka madumu mawili ya lita 5 yaliyojaa maji ya moto, yamefungwa kwa magunia. Huyo ndiye tetea wangu. Anahitaji kujazwa saa tatu usiku, saa saba na saa kumi na moja, na sitadanganya kwamba niliifurahia ile saa saba.

Niliacha pia kuhangaika na kipimajoto, kwa sababu vifaranga wenyewe husomeka. Wakibanana juu ya dumu na kulia kwa sauti nyembamba, maji yamepoa. Wakikaa mbali, midomo wazi, yamezidi. Wote wakihamia upande mmoja, kuna upepo unaoingia mahali. Wakitawanyika ndani na nje ya pazia kama mtama uliomwagwa, mwingine anakula, mwingine amelala na shingo imenyooka, kalale.

Ajali haikuishia hapo. Wiki ya nne kinyesi kikaanza kuwa na damu, nikapoteza 11 kwa kuhara damu kabla dawa haijashika. Chanzo chake kilikuwa maranda. Nilikuwa nikiyabeba bure kutoka kwa wapasua mbao, na magogo wanayoyapasua ni mabichi, hivyo maranda yake yana maji hata kama ukiyashika juujuu unayaona makavu. Vijidudu vya kuhara damu hukomaa kwenye unyevu. Sasa nayaanika juani siku tatu, na kabla ya kuyatandaza nafinya fumba moja kwa nguvu. Likibaki limeshikana ninapofungua kiganja, linarudi juani. Chanjo ya mdondo, tone moja jichoni, niliitoa kwa wakati, na nitairudia kila miezi mitatu. Hilo angalau nililifanya sawasawa.

## Mwezi wa nane

Wamebaki 52. Wana manyoya kamili, na hawajatumia dumu tangu mwisho wa Julai. Juzi sakitu ilishuka tena; maji kwenye chombo chao yalikuwa na ngozi ya barafu niliyoivunja kwa kidole. Niliingia saa kumi na moja na tochi. Bati lilikuwa kavu. Walikuwa kwenye kichanja cha ubao bapa, wamejitunisha, vidole havionekani, na hewa ilikuwa ya baridi na safi kama ya nje. Nilikaa nao nusu saa. Kichwa hakikuuma.

Nimeshaambiwa kwamba matembe wangu watakapofikia kutaga, kipupwe kijacho kitawafanya wasite. Siamini sana. Kuku wa Quebec husita kwa sababu mchana wa Desemba wa huko haufikishi urefu wa saa 9, na kuku hutaga kwa kuhesabu mwanga. Kwetu mchana mrefu na mchana mfupi hupishana kwa kama saa moja tu. Baridi itawafanya wale zaidi, na hilo litagusa mfuko wangu, lakini jua la Juni bado ni jua.

Jana nilikwenda kwa bibi. Alikuwa anapukuchua mahindi barazani, nami nikakaa kwenye gogo nikaanza kumsaidia ili mikono iwe na kazi.

"Bibi," nikasema, "wale vifaranga hawakufa kwa baridi."

Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu, akalitupa kwenye rundo.

"Hata mimi nilikuwa nashangaa," akasema. "Baridi ya wapi mle ndani?"

Kisha akaniuliza kama ninaweza kumwachia jogoo mmoja katika wale chotara wangu, kwa kuwa wake amezeeka, na yeye atanipa tetea anayejua kuatamia. Nilimwambia achague wawili. Amemchagua mwekundu mwenye upanga mfupi na mwingine wa madoa, na tetea aliletwa jioni na mjukuu wake, ndani ya tenga, akilalamika njia nzima.